Nkwabi wa Ukurasa wa Tisini

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Maana yake ni kwamba jambo ulilokwisha kulianza, hata likikugeukia na kuwa la kutisha, yakupasa ulifikishe mwisho. Aliyevua nguo akasita ukingoni hapigwi na baridi peke yake. Mara nyingi yupo mwingine anayetetemeka akimngoja. Modesta, mshonaji wa Mkolani jijini Mwanza, alilijua hilo akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Modesta alikuwa mjane mwenye burudani zake ndogo ndogo. Alifuma vitambaa vya makochi, alisikiliza michezo ya redio, na jioni alicheza karata na majirani. Lakini burudani aliyoipenda kama mboni ya jicho lake ilikuwa shindano la riwaya. Kila mwezi wa Novemba, Bi Zahabia, mwenye duka la madaftari mjini, aliwagawia wanawake tisa kaunta buku moja moja. Kila mmoja aliandika riwaya yake kwa siku thelathini, na kila Jumamosi walikutana nyuma ya duka, wakanywa chai ya tangawizi na kusomeana. Hapakuwa na zawadi ila makofi, na makofi yaliwatosha.

Mwaka uliopita, Modesta aliandika habari za mfanyabiashara wa dagaa anayevuka ziwa kwenda visiwani. Alipokosa jina la kumpa, alimpa la jirani yake, Nkwabi, kwa kuwa naye alifanya biashara hiyo hiyo. Katika ukurasa wa tisini dhoruba ilivuma, mtumbwi ukapinduka, Nkwabi wa kwenye daftari akazama, mkono mmoja tu ukabaki juu ya maji. Modesta aliusoma ukurasa huo Jumamosi, wenzake wakashika vifua. Jumanne iliyofuata, mtumbwi wa Nkwabi wa kweli ulipinduka ziwani.

Nkwabi aliokolewa. Hata hivyo, mkewe, Dorcas, alikwisha kusikia habari za daftari. Alisimama uani kwa Modesta, akamwambia mbele ya watu kwamba amemchuria mumewe. Kwa watu wa pale, kumtajia mtu msiba kabla haujamfika si mzaha. Modesta hakujitetea. Alilifunga daftari kwa kitambaa, akalisukuma chini ya kitanda, na tangu siku hiyo akaogopa hata kuandika orodha ya vitu vya sokoni.

Novemba ikarudi. Bi Zahabia alikuja mwenyewe hadi Mkolani na daftari jipya, akamwomba aandike japo habari za kuku wake. Modesta hakutaka kumvunja moyo mtu aliyetoka mjini kwa ajili yake. Alianza kuandika, lakini kwa woga. Hakumtaja mtu yeyote kwa jina. Katika riwaya yake mvua haikunyesha wala hakuna aliyekohoa. Siku ya sita alipoandika kwamba jogoo amepotea, aliacha kalamu akaenda bandani kumtazama jogoo wake.

Siku ya tisa Dorcas alibisha hodi. Mwaka mzima hakuwa amekanyaga pale. Moyo wa Modesta ulidunda kama ngoma ya wacheza bugobogobo. Dorcas alipiga goti, akaamkia shikamoo, na alipoitikiwa marahaba hakuinuka upesi. Alieleza kwamba Nkwabi hajavuka ziwa tangu ajali ile. Alishinda kibarazani akicheza drafti kwa vizibo vya soda, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Kila alipofika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, aligeuka akarudi nyumbani. Jana yake ndipo aliposema sababu.

"Anasema ulimwacha majini, mama," Dorcas alisema. "Mkono wa yule mtu wako bado uko juu, na yeye hajui utamtoa au utamzamisha. Tafadhali mtoe."

Modesta aliitazama mikono yake. "Mwanangu, mikono hii ndiyo ninayoiogopa. Nikikosea neno moja je? Akivuka asirudi, utakuja kusimama uani tena?"

Dorcas alitikisa kichwa. "Siku ile nilikuwa na hofu, nikatafuta pa kuitua. Nikaitua kwako. Nilikukosea."

Kesho yake mchana Nkwabi na mkewe walikuja pamoja. Wingu jeusi lilikuwa limetanda upande wa ziwa na upepo ulipigapiga mabati. Modesta alilifungua daftari la mwaka uliopita, lakini kalamu iligoma. Alileta hadithini mtumbwi wa kuokoa, akaufuta. Alileta gogo linaloelea, akalifuta pia, maana yote yalimlia masikioni kama uongo. Radi ilipopiga, Nkwabi aliruka kitini kama aliyemwagiwa maji ya moto. Dorcas alimshika mumewe bega kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaendelea kumchambulia Modesta mchele uliokuwa kwenye ungo.

"Wewe ulitokaje?" Modesta aliuliza mwishowe.

Mwaka mzima watu walikuwa wamemuuliza Nkwabi jinsi alivyozama. Hakuna aliyemuuliza alivyotoka. Akaanza kusimulia taratibu. Alikuwa amekumbatia dumu tupu, vidole vimekufa ganzi, ndipo mtumbwi uliobeba nyanya ukapita. Mama mmoja abiria, ambaye hata jina lake hakulijua, alivua kanga aliyojitanda akamrushia pindo.

"Tena akanitukana," Nkwabi alisema. "Aliniambia, shika wewe mjinga, unadhani nitapoteza kanga mpya kwa ajili yako? Nikaona aibu, nikashika."

Akacheka, machozi yakimtoka. Modesta aliinamisha kichwa akaandika. Kila sentensi aliisoma kwa sauti kabla ya kwenda nyingine, na Nkwabi akamsahihisha: matenga ya nyanya yalikuwa manane, kanga ilikuwa ya njano. Mvua ilipokatika, mtu wa daftari alikuwa nchi kavu, katika ukurasa wa tisini na nane.

Juma lililofuata Nkwabi alivuka ziwa. Siku aliyotarajiwa kurudi, Modesta na Dorcas walikwenda mwaloni. Simu yake haikupatikana. Mtumbwi wa kwanza uliwasili bila yeye, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mawimbi yalianza kuumuka. Modesta alizipitia kurasa zile nane kichwani, akitafuta neno alilokosea.

Dorcas aliuona uso wake, akamshika mkono.

"Hata asiporudi, mama," alisema, "si wewe."

Walisimama vivyo hivyo, mikono imeshikana, hadi mtumbwi wa nne ulipotokeza. Nkwabi alikuwa ameketi katikati ya magunia ya dagaa, uso umempauka kama jivu, ameng'ang'ania ubao kwa mikono miwili. Alishuka taratibu. Alisema ameogopa kwenda na ameogopa kurudi, na wiki ijayo ataogopa tena, lakini atakwenda. Kisha akamgeukia Modesta.

"Shikamoo mama. Na yule mtu wako atafanya nini sasa? Ana mke, ana mzigo wa dagaa. Hawezi kukaa ufukweni siku zote."

Novemba ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Kwa kawaida kila mshindani huanza daftari jipya, lakini Bi Zahabia aliposikia kisa hicho alisema utaratibu si msumari uliopigiliwa. Basi Modesta aliendelea na daftari la zamani pale pale alipokuwa ameachia. Hofu haikumwacha, ilikaa kando yake mezani kila jioni, naye akaandika nayo ikimtazama. Siku ya thelathini, nyuma ya duka, alisoma ukurasa wa mwisho, ambamo mtu wa daftari anavuka ziwa tena, Nkwabi na Dorcas wakiwa wamekaa safu ya mbele. Alipofunga daftari, wote walielewa kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.