Gari la Baba Halikuwahi Kusimama

Ndugu zangu, wangapi hapa wamewahi kununua gari lililotumika? Msinyooshe mikono, nawaona mnavyotazamana. Mnajua ilivyo. Umesimama mbele ya gari la mtu, unalizunguka mara ya tatu, unapiga teke tairi kana kwamba tairi litakujibu.

Basi alikuwepo mwalimu mmoja, anafundisha Njombe mjini. Tumwite Lutengano. Alishapita miaka hamsini. Kwao ni Makete, kule juu ambako ukungu unakaa mlangoni mpaka saa nne asubuhi. Baba yake alishatangulia. Mama yupo, anaishi na kuku wake, na moyo umeanza kumsumbua. Daktari alisema afike kliniki kila baada ya wiki mbili, asikose. Lakini ile barabara mnaijua wakati wa masika, udongo unateleza kama sabuni. Mara mbili Lutengano alikodi gari dogo, na mara mbili lilishindwa mlima, wakamrudisha mama nyumbani bila dawa. Ile mara ya pili mama alivimba miguu mpaka viatu vikakataa kuingia.

Lutengano akaamua kununua gari. Hakutaka gari la kuringia. Alitaka gari la juu, la dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Akasema moyoni, "Kama lile la baba."

Sasa lile la baba. Baba yake alikuwa akinunua maua ya pareto vijijini, na Lutengano alipokuwa darasa la tatu, mzee akaja na gari la kijani aina ya jip alilolinunua kwa mtu wa Iringa. Lilikuwa kuukuu tayari siku hiyo linaingia uani, lakini kijiji kizima kilitoka kulishika. Kila Jumamosi mzee alivaa koti lake la kazi, akafungua boneti, akachukua oili kidogo kwa vidole viwili, akaisugua, akainusa, kama mama anavyoonja mchuzi. Ndani kulinuka dizeli, viazi vibichi na ngozi ya viti. Mpaka leo lori la zamani likipita karibu na shule, mwalimu huyu anasimama kidogo pale ubaoni, chaki mkononi, wanafunzi wanashangaa.

"Gari la baba," alizoea kuwaambia walimu wenzake, "halikuwahi kutuacha njiani. Hata siku moja. Magari ya zamani yalikuwa magari, na watu wa zamani walikuwa watu."

Na wenzake huitikia, "Kweli kabisa, mwalimu." Nani hapa hajawahi kuitikia hivyo?

Akatafuta dalali, wakaanza kuzunguka. Gari la kwanza lilikuwa kwenye yadi, linang'aa kama sahani ya harusi. Mita inasoma kilomita elfu sabini na mbili.

"Mwalimu, hili lilikuwa la bwana mmoja wa ofisini," dalali akasema. "Alikuwa analitoa Jumapili tu, kwenda kanisani."

Lutengano akainama, akagusa pedali ya breki. Raba yake imelika mpaka chuma kinachungulia. Baba yake alimfundisha hilo: mita inaweza kurudishwa nyuma, lakini mguu wa mtu huacha alama.

"Basi bwana huyo," akasema, "alikuwa na Jumapili nyingi sana."

La pili alifungua mfuniko wa oili, akakuta utando mweupe kama uji. Maji yameshaingia kwenye injini. Akashukuru, akaondoka.

La tatu lilikuwa kwa mama mmoja mstaafu, aliyekuwa daktari wa mifugo. Mama wa miaka sabini na kitu, sweta la kijivu, miwani minene. Gari lake lina namba A, zile namba za zamani, jeupe ambalo weupe wake umeshachoka. Lutengano akachungulia mita: laki nne, elfu thelathini na saba.

Dalali akamvuta shati. "Mwalimu, twende zetu. Huu ni mkweche. Hili limeshaizunguka dunia mara kumi."

Lakini Lutengano alishaweka kiganja juu ya boneti, na boneti ilikuwa ya baridi. Mnajua maana yake? Wauzaji wengi hulipasha gari moto kabla mnunuzi hajafika, lisije likakohoa mbele ya mgeni.

"Sijaliwasha tangu juzi," mama akasema. "Liwashe mwenyewe, baba."

Akaliwasha. Likaguna, likatoa moshi kidogo, likatulia. Akalala chini na suruali yake ya kazini, akatazama injini, giaboksi, difu. Kukavu. Akarudi akakaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, na ile harufu ikamjia. Dizeli, ngozi, vumbi la miaka. Akakaa humo muda mrefu kuliko mtu anayekagua gari, na alipotoka alikuwa anafuta macho, akisingizia vumbi.

"Mama," akauliza, "limewahi kukuacha njiani?"

Yule mama akacheka, akaingia ndani, akarudi na madaftari matatu. "Soma wewe. Macho yangu yamekwisha, ndiyo maana naliuza."

Akasoma. Ludewa, propela imekatika. Lupembe, limechemsha, gesketi imeungua. Mlangali, limezama matopeni siku mbili na chanjo za ng'ombe zimo ndani. Gesketi tena. Klachi. Springi ya nyuma. Kurasa kwa kurasa, mwandiko mmoja, miaka ishirini na moja. Uso wa mwalimu ukasawijika.

"Mama, hili gari limeharibika sana."

"Limeharibika sana," mama akakubali. "Na kila ng'ombe niliyemfuata, lilinifikisha."

"Gari la baba yangu halikuwahi kusimama. Hata siku moja."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. "Na sasa liko wapi?"

Ndugu zangu, swali hilo Lutengano hakuwa amelitegemea. Hata mkewe hajawahi kumwuliza. Akatazama chini.

"Aliniachia mimi," akasema. "Nilikaa nalo miaka mitatu. Siku moja likachemsha, injini ikafa. Fundi aliniambia inafunguka, inatengenezeka. Mimi nikasema gari limechoka. Nikawaita watu wa chuma chakavu, wakalikata mbele yangu."

Alichokuwa amekificha miaka yote ni hiki: aliamini kwamba gari lile lilimheshimu baba likamdharau yeye. Kwa baba halikusimama, kwake likafa. Na mama yake, siku alipopelekewa habari, aliuliza neno moja tu, "Limekwenda?" akaendelea kupepeta maharage.

Yule mama mstaafu hakumlaumu. Alisema, "Pole, mwanangu." Na pole ile ilimchoma kuliko lawama.

Akalinunua. Dalali akashika kichwa. Lakini katika wauzaji watatu, huyu peke yake ndiye aliyemfungulia ubaya wa gari lake ukurasa kwa ukurasa, na Lutengano aliona afadhali ubaya anaoujua.

Alhamisi iliyofuata alipanda Makete kumchukua mama. Mama akalitazama gari, akalizunguka na fimbo yake, akapandishwa kiti cha mbele. Akaweka mkono juu ya dashibodi kama mtu anavyomgusa mgonjwa kipaji cha uso. Wakaondoka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini gari lilishika udongo vizuri, linapanda kama mbuzi. Lutengano akamtazama mama kwa pembeni na moyo wake ukawa wa mtoto tena. Miaka arobaini ikawa haipo.

Kwenye mlima wa tatu, mshale wa joto ukaanza kupanda. Akaomba kimoyomoyo. Mshale haukusikia. Mvuke ukafumuka mbele yao, akasimamisha gari, akafungua boneti. Mpira wa rejeta umepasuka, maji yote yako barabarani.

Akarudi akapiga usukani kwa ngumi. "Yale yale!" akasema. "Mama, nisamehe. Nimenunua mkweche, niliambiwa nikakataa kusikia. Gari la baba lisingetufanyia hivi. Na hapa hakuna nyumba, hakuna maji, hakuna chochote. Kliniki inatupita tena."

Mama alikuwa anafungua mlango taratibu. "Maji yapo," akasema. "Chukua dumu. Shuka na hiyo njia ya mbuzi, nyuma ya mianzi kuna kijito."

"Umejuaje?"

"Nisijue mimi? Hapa baba yako alisimama mara nne. Pale kwenye kona mara mbili, klachi. Mwaka ule wa mvua kubwa alikaa chini ya gari tangu jua linazama mpaka usiku wa manane, anatoka matope yamejaa masikioni, anachukua spana nyingine, anarudi chini. Siku hiyo alilia, baba yako. Alidhani simwoni."

Lutengano akasimama na boneti wazi. "Mama, mimi sikumbuki. Sikumbuki hata mara moja."

"Utakumbukaje?" mama akasema. "Ulikuwa umelala kiti cha nyuma. Mimi nakufunika kitenge, baba yako anafunga mlango polepole usije ukaamka. Tukifika nyumbani unafumbua macho unauliza, 'Baba, tumefika?' Anakujibu, 'Tumefika.' Hakuongeza neno."

Mwalimu mzima, nywele zina mvi, aliinama kando ya barabara, akakunja suruali. Kisha akachukua dumu, akashuka na njia ya mbuzi. Kijito kilikuwepo, maji ya baridi yanauma vidole. Akachota. Akarudi akakata kipande cha mpira wa baiskeli alioukuta chini ya kiti, akakizungushia pale palipopasuka, akakaza kwa waya, magoti yake ndani ya tope. Mara ya kwanza ukavuja. Akafungua, akafunga upya. Mama ameshika mwavuli juu ya kichwa cha mwanawe, ingawa mvua ilikuwa imekata. Walifika kliniki saa tisa, wauguzi wanafunga madirisha. Mama akapata dawa zake.

Haya. Sasa tuongee sisi.

Wiki iliyopita alikuja kwangu kijana, ndoa yake haina miaka miwili. Akasema, "Mchungaji, wazazi wangu waliishi miaka arobaini bila ugomvi. Mimi nadhani nilikosea kuchagua." Nilimtazama tu, maana wazazi wake nawafahamu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kuwapatanisha. Nilitamani kumwambia: mwanangu, ulikuwa umelala.

Na sisi wenye mvi tunaokaa mabenchi ya nyuma huko, tunasema kanisa la zamani lilikuwa na upendo, jumuiya ya zamani ilikuwa na umoja, siku hizi kila kitu kimeoza. Nauliza, umoja huo uliota wenyewe kama uyoga? Hakuna mzee aliyetembea kutoka nyumba hii kwenda ile kupatanisha watu, akirudi amechoka, halafu asubuhi akatusalimia kana kwamba hapakutokea neno?

Sisemi tuchague ovyo. Lutengano alikagua pedali, akakagua oili, na alifanya vyema. Kagua. Ukiona uji kwenye mfuniko, shukuru, ondoka. Lakini ukitafuta mwenzi asiyewahi kuharibika, rafiki asiyewahi kuharibika, kanisa lisilowahi kuharibika, utazeeka unazunguka kwenye yadi. Hakipo. Kilichopo ni kitu kilichoharibika mara nyingi, na kila mara akapatikana mtu wa kuingia chini na kukitengeneza.

Na tukumbuke jambo moja la kuogofya. Kuna mtu hapa anasema maisha yangu yamenyooka, sijawahi kukwama, mimi na Mungu wangu tuko sawa. Ndugu yangu, unajua wewe milima mingapi Mungu alikuvusha umefunikwa kitenge?

Basi turudi majumbani. Mwenye mzazi aliye hai, leo baada ya chakula akae naye, amwulize, "Mama, mlikwama wapi? Baba, ilikuwaje?" Asimkatishe. Na ambaye gari lake limesimama mlimani wiki hii, asiite watu wa chuma chakavu. Atafute kwanza maji.

Maana nyuma yetu kuna watoto, wamelala. Siku moja watakua, watakaa na wenzao, na watasema lile la baba halikuwahi kusimama, hata siku moja.

Tuwaache waseme hivyo. Sisi tufunge mlango polepole, tuingie chini.