Kilio Bila Maiti

Rafiki wa kula naye hatafutwi; harufu ya sufuria humwita yenyewe. Wa siku ya mashaka ndiye adimu, na mara nyingine hutokea kwenye mlango ambao hatukuuangalia. Bibi Séraphine wa mtaa wa Katindo alikuwa na miaka sabini na miwili alipolielewa jambo hilo, na alilielewa siku ya Jumapili, mchana kweupe, kwa sababu ya wimbo.

Mwanawe Donat, mchuuzi wa maharagwe, alikuwa amepanda lori kwenda Butembo. Safarini alizoea kupiga simu kila jioni, hata kama ni kusema neno moja. Sasa siku nane zilikuwa zimepita na simu ilikuwa kimya kama jiwe. Barabara ile haikuwa ya kuaminika; kila mtu mjini alilijua hilo na hakuna aliyependa kulisema. Séraphine alimpigia Magloire, rafiki mkubwa wa Donat, ambaye hakukosa kula kwao Jumapili hata moja. Magloire aliahidi kuulizia. Tangu hapo hakupokea simu tena, na Jumapili hiyo hakuonekana.

Watoto wa Donat, ambao Séraphine aliwalea tangu mama yao alipofariki, walianza kuuliza maswali. Bénie alikuwa na miaka kumi na mmoja, Josias saba. Ili kuwasahaulisha, na kujisahaulisha mwenyewe, aliwaruhusu kuingia kwenye intaneti ya simu yake wasikilize muziki. Bénie aliunganisha simu na bafle, spika ndogo ya baba yake, sauti ikajaa nyumba.

Wakaizunguka dunia wakiwa wameketi juu ya mkeka. Walisikiliza taarabu ya Zanzibar, Josias akasema mama yule analalamika kama Koko, nyanya yao, akikosa miwani yake. Walisikiliza ngoma za Burundi mpaka vifuniko vya sufuria vikatetemeka. Walimpata mzee wa nchi ya baridi aliyeimba kwa koo tu, akivuma kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi, na Josias akataka kujua kama amemeza kitu kibaya. Séraphine alicheka. Lakini kila wimbo ulipokwisha alichungulia kioo cha simu, asije Donat akawa amepiga wasisikie.

"Koko, ya kwenu nayo iko mu telefone?" Bénie aliuliza.

Akatafuta, akapata. Zilikuwa sauti za wanawake wazee wa Kinande, bila chombo chochote, mmoja akianza na wengine wakimpokea. Séraphine aliutambua wimbo kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Ulikuwa wimbo wa kumsindikiza maiti. Aliuimba mwenyewe walipomzika mumewe kule Butembo. Mama yake alimfundisha kwamba wimbo huo hauimbwi katika nyumba isiyo na msiba.

Alitaka kumwambia Bénie auzime. Lakini hofu ya siku nane ilikuwa imemlemea, na sauti zile zilikuwa kama za dada zake. Akajidanganya kwamba inayoimba ni simu tu. Kiitikio kilipofika, akakipokea. Aliimba kwa sauti, machozi yakimtiririka, na Bénie, ambaye hakuwahi kumsikia nyanya yake akiimba hivyo, aliurudia wimbo mara ya pili na ya tatu.

Nyumba za mbao hazina siri. Haikupita nusu saa, jirani yao Umutesi akasimama mlangoni na mfuko wa makaa kichwani. Nyuma yake walikuja wanawake watatu na unga. Nyuma ya hao alikuja Harelimana, mume wa Umutesi, amebeba benchi begani.

Séraphine alipomwona huyo wa mwisho, alisimama ghafla. Yeye na Harelimana, mtu wa Masisi, hawakuwa wamesalimiana tangu walipogombania mstari wa mawe unaotenga viwanja vyao. Mtu kama huyo habebi benchi kwenda kwa mahasimu wake bila neno kubwa. Basi habari imefika, aliwaza. Imewafikia wao kwanza.

Umutesi alitua makaa, akamshika mikono yote miwili. "Pole, mama. Tuko pamoja."

Séraphine akaketi chini. "Mwanangu wamemukuta wapi?"

Umutesi alimtazama mumewe. Harelimana akaweka benchi chini polepole. "Mama Donat, hatukuleta habari. Tumesikia munaimba kilio, tukasema Donat amekufa."

Bénie aliinua simu. "Ni muziki, Koko. Ni muziki tu."

Mmoja wa wanawake alinung'unika kwamba kifo hakichezewi. Séraphine hakujitetea. Alikiri kosa lake mbele yao wote, akaomba msamaha, akaeleza habari ya siku nane za ukimya. Kisha akainamisha kichwa, akingoja wachukue unga wao waende. Aliposikia kiberiti akainua macho: Umutesi alikuwa amepiga magoti jikoni, akiwasha makaa aliyoyaleta.

"Siku nane," Harelimana alisema. "Na mimi niko hapa nyuma ya ukuta?"

"Ulikuwa hunisalimie, papa."

"Na weye pia. Lakini mutoto wako hakunikosea kitu."

Akaketi kwenye benchi lake, akatoa simu. Alimpigia shemeji yake dereva huko Rutshuru, na shemeji akampa namba ya fundi wa malori huko Kiwanja, mji ulio njiani kwenda Butembo. Alizungumza Kinyarwanda, ambacho Séraphine hakukielewa ila jina la Donat, na kila jina hilo liliporudi alikaza rozari mkononi. Saa nzima ilipita. Halafu simu ya Séraphine ikalia mlio mfupi, akairukia. Ulikuwa ujumbe wa Magloire: amesikia kuna msiba, atajaribu kufika siku ya mazishi.

Séraphine aliiweka simu kifudifudi.

Ndipo Harelimana alipopigiwa. Alisikiliza, akasimama, akawapa mgongo. Séraphine alitazama mabega yale mapana na kufikiri kwamba anayekupa mgongo ana neno zito la kukuambia. Josias alijibana kwenye kitenge cha nyanya yake. Bénie alizima bafle, ingawa haikuwa ikilia.

Harelimana akageuka, akamnyooshea simu. "Shika, mama."

Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ndiyo aliyoibeba mgongoni Donat alipokuwa mtoto. "Mama, ni mimi." Donat alikuwa amelazwa na malaria katika zahanati huko Kiwanja. Simu yake iliibwa alipokuwa na homa kali, na namba za nyumbani hakuzijua kwa kichwa. Yule fundi alikuwa amemtafuta kitanda kwa kitanda mpaka akampata.

Séraphine alilia, safari hii bila wimbo. Watoto walipokuwa wakinyang'anyana simu, walimsikia baba yao akiuliza namba aliyopigia ni ya nani.

Bibi akaichukua. "Ya rafiki yetu," alijibu.

Harelimana alisikia. Akainama kupuliza makaa, ambayo yalikwisha kuwa mekundu zamani.

Hakika, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.