Siku Kifaru Alipopiga Hodi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika na kupanga vyumba kama sisi, Bi Kindi aliishi Bondeni kwa mfalme Nyati. Kwao hakukuwa hapo. Kwao kulikuwa Milimani, ng'ambo ya mbuga isiyo na mti hata mmoja, na juu ya mbuga hiyo Mwewe alizunguka kutwa akitafuta kitoweo.

Bi Kindi alikuwa na vitoto viwili, hata kukimbia havijui. Basi mke wa Nyati akaonja vitumbua vyake, akalamba midomo, akamwambia jiko la ikulu ni lake kuanzia siku ya gulio, mradi awe na kibali cha kazi. Akikikosa, jiko atapewa Panya. Na vitumbua vya Panya, mh, tuyaache hayo.

Kibali kilikuwa jani la mgomba lenye muhuri, na muhuri wenyewe ulikuwa wayo wa Bwana Kifaru, mlinzi wa lango. Bi Kindi akamwendea na jani lake. Kifaru alikuwa anakoroga chungu cha kunde, hata hakugeuka.

"Mgeni huomba kibali akiwa kwao," alisema. "Rudi Milimani uombe, halafu uje upige hodi langoni."

Bi Kindi akamweleza kwamba yeye anaishi Bondeni siku nyingi, wanawe wamezaliwa hapa hapa, na kuwavusha mbugani ni kumwandalia Mwewe chakula. Kifaru akajibu kuwa sheria ni sheria. Bi Kindi akabembeleza, akalia, na hakulia kwa uongo, maana moyoni alikwisha kuwaona wanawe kwenye kucha za Mwewe. Kifaru akaonja kunde, akaongeza chumvi.

Bi Kindi akafuta machozi, akawaza kidogo.

"Sawa, Bwana Mkubwa," alisema kwa upole. "Ila mimi mshamba. Hiyo hodi ya langoni hupigwaje? Nisije nikakosea nikakuaibisha."

Kifaru, jamani, alipenda kuitwa Bwana Mkubwa kuliko alivyopenda kunde. Akajikokota, pu, pu, pu, akatoka nje ya lango ili amwonyeshe.

"Unasimama hapa. Unainamisha kichwa. Unasema hodi."

Chaka! Bi Kindi akaliangusha komeo.

"Nani huyo?" aliuliza kutoka ndani.

"Mimi Kifaru. Fungua."

"Una kibali?"

Kifaru akasema kibali cha nini, wakati mtoa vibali ni yeye. Akalipiga lango kwa pembe, gu! Lango halikutikisika, kwani alilijenga mwenyewe, tena alijisifu kwamba hata kifaru halivunji.

"Na kwenu hasa ni wapi, Bwana Mkubwa?" Bi Kindi aliuliza.

Kifaru akajibu kuwa ni Mto Mweusi. Alizaliwa huko, mbali sana. Mama yake alimleta Bondeni akiwa mdogo, na hakuna aliyewauliza kitu.

"Basi rudi Mto Mweusi ukaombe," alisema Bi Kindi. "Ila kunde zako naona zinaanza kuungua."

"Nirudi wapi?" Kifaru alilia. "Mimi naishi humo! Kitanda changu kimo humo, chungu changu kimo humo, watoto wangu wamo humo!"

"Ndivyo nilivyokwambia mimi," Bi Kindi alijibu taratibu. "Neno kwa neno."

Harufu ya kunde ikazidi. Bi Kindi akalipitisha lile jani chini ya lango, na huko nje akasikia wayo ukitua, pu! Jani likarudi na muhuri wa matope, na komeo likafunguliwa.

Tangu siku hiyo, anayeishi Bondeni huomba kibali akiwa Bondeni. Kifaru alikula kunde zake hivyo hivyo zilivyoungua, ila Bi Kindi alimletea vitumbua vya kushushia.

Nanyi, mkipewa komeo la kushika, kwanza tokeni nje mkasimame mnapowasimamisha wenzenu. Hadithi yangu nimeifunga hapo. Anayetaka kuingia apige hodi.