Zimwi Lililokunywa Mto Lukombe

Sogeeni, walio karibu wawapashe walio mbali. Hapo kale mto Lukombe ulipita nchi mbili, ukizaliwa milimani na kuishia bondeni. Nameta alizaliwa bondeni, akaolewa milimani. Siku zimwi lilipoketi chemchemini na kuanza kuunywa mto, ni yeye aliyethubutu kuliomba liondoke.

“Nitaondoka,” likasema zimwi, “wafalme wote wawili wakija kuniomba pamoja, wameshika kibuyu kimoja.”

Nameta akaenda mbio. Mfalme wa milimani akasema, “Mto unazaliwa kwangu.” Mfalme wa bondeni akasema, “Babu zangu waliukuta. Siombi kilicho changu.” Zimwi likanywa, mitumbwi ikakwama topeni.

Akaenda mara ya pili, wakatuma wajumbe tu. Zimwi likanywa, ng'ombe wakafa.

Mara ya tatu akawapigia magoti, wakaja wenyewe, wakakishika kibuyu huku na huku.

“Nitaanza mimi kusema,” akasema wa milimani.

“Kwa lipi?” akauliza mwenzake.

Wakavutana, wakavutana, wakavutana, hata kibuyu kikapasuka. Zimwi likainama, likanywa tone la mwisho.

Nameta akashuka kwa miguu katikati ya mto mkavu, siku tatu, hadi kwa mama yake. Akamkuta amelala, midomo imepasuka.

“Mwanangu, maji yanakuja?”

“Yako njiani, mama,” akasema Nameta, akamshika mkono mpaka ulipopoa.

Nami nimefika mwisho wa niliyosimuliwa, aliyeyasikia asiyafiche.