Jina la Mtoto wa Mghanga

Sogeeni, mnisaidie kukata shauri lililonishinda.

Katika kambi moja ya jeshi mpakani walikuwapo watu watatu. Kasisi Mutembei wa Kanisa la Presbiteri aliacha usharika wake kwenye vilima vya chai, akawa padre wa askari. Wazee wa kanisa walimuuliza, “Sasa utabariki bunduki?” Akajibu, “Nitawabariki wanaozibeba. Mimi sitaishika.” Ekiru alikuwa dereva, mchanga haukuwahi kumnasa. Nyakundi alikuwa muuguzi mwenye mikono myepesi.

Asubuhi moja doria ilishambuliwa. Askari Mghanga alipigwa risasi ya paja, akaanguka mahali peupe. Wenzake walijibanza nyuma ya mawe. Kasisi, aliyefuatana nao, akatambaa hadi kwake, akalikandamiza jeraha kwa mikono yote miwili.

“Padre, chukua bunduki yangu! Wanakuja!”

“Nikiachia, damu itakwisha.”

“Usipopiga, tutakufa wote!”

Hakuigusa. Alianza kusema Zaburi, hofu ikampotezea maneno katikati, lakini mikono hakuiondoa.

Ekiru, aliyebaki nyuma na lori la doria, aliamriwa kwa redio asisogee, maana njia ilishukiwa kutegwa mabomu. “Afande, sikusikii,” alisema, na kila neno alilisikia. Akakanyaga mafuta huku jasho likimwingia machoni, akalikingamisha lori mbele ya risasi, wakampakia Mghanga.

Kambini, Mghanga alikuwa amepoa kama maji ya mtungi. Damu ya akiba ilikuwa imekwisha, helikopta imezuiwa na vumbi. Damu ya Nyakundi ndiyo iliyooana na yake, naye siku hiyo alikuwa ameshamtolea majeruhi mwingine.

“Ukitoa tena utaanguka,” mwenzake alimwonya.

“Basi niwekeeni godoro.”

Akatoa, akazimia. Alizinduka jioni.

Mghanga alipona. Mkewe Wakesho akajifungua mvulana, nao wakataka kumpa jina la aliyemwokoa babake.

“Mpe la Padre,” alisema Ekiru. “Alikufikia wa kwanza.”

“Hapana,” alisema kasisi. “Mimi nilikunyima risasi ulipoililia. Bila lori tungezikwa pamoja. Mpe la Ekiru.”

Ekiru akatikisa kichwa. “Ningeleta maiti tu, kama si Nyakundi.”

Nyakundi akasema, “Wangeniletea nani nimtie damu?”

Wakesho akambembeleza mwanawe. “Baba Mtoto, watu wanauliza anaitwa nani. Niwajibu nini?”

Mghanga hajachagua jina mpaka leo. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mtoto huyu mngemwita nani?