Chozi Katika Pipa la Nambua

Mtu mmoja alikuwa na pipa la udongo uliokorogwa na maji. Mtu huyo ni Nambua, mfinyanzi. Pipa alilirithi kwa mama yake, nalo lilikuwa na ajabu yake: udongo ule haukuzama. Miezi inapita, chembe zinaelea tu. Ukiinama penye mwanga, unaziona zikitembea zenyewe, hakuna upepo wala mkono, kila moja ikiikwepa nyingine. Msinicheke, jamani. Vyungu vya Nambua havikuwahi kupasuka.

Wafinyanzi wa kule wana sharti: aliyefiwa haligusi pipa lake. Jirani huja kumkorogea mpaka matanga yaanuliwe.

Nambua akafiwa na binti yake wa pekee, Naetwe. Majirani wakaja. Kilio huanza mfiwa, lakini Nambua, kwa kiburi chake, alikaa macho makavu, akawaaga mlangoni. Wangefanya nini? Wakarudi makwao. Yeye akaingia ndani, akakoroga mwenyewe, na juu ya pipa hilo ndipo alipolia, siku saba.

Siku ya nane, mchana kweupe, akafunua. Loo! Udongo wote ulikuwa umegandana ukalala chini. Maji juu yake yalikuwa maangavu, kimya. Hakuna kilichotembea tena. Na kule chini Naetwe alikuwa akimtazama. Nambua akainama. Uso ule nao ukapanda kumlaki. Paji likagusa maji, kisha pua, kisha mdomo, na hakutaka kuinuka.

Namsemba, jirani yake, alikuwa amerudi bila kuitwa. Akausukuma mlango, akamkamata kanga kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu zote.

“Mama Naetwe, toka hapo! Chozi lina chumvi, na chumvi ndiyo iliyouangusha udongo wako. Lete huo mti nikoroge mimi, wewe lia.”

Akalia, kwa sauti, mpaka mtaa mzima ukasikia. Wakayamwaga maji yale. Wakatia maji ya mto, wakamwaga, wakatia tena. Namsemba akakoroga mpaka mikono ikamuuma. Jioni chembe ziliinuka kidogo kidogo, zikaanza kutembea.

Sasa nawauliza ninyi mnaowaaga watu mlangoni kwa macho makavu: siku maji yenu yatakapotulia, nani atakuwa ameishika kanga yenu?