Bi Siwema na Miiba Iliyopukutika

Paukwa!

Pakawa!

Wa kule jikoni sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Watoto sogeeni mbele. Wakubwa msinitoroke, maana hadithi hii ni yenu zaidi kuliko yao.

Hapo zamani za kale palikuwa na nungunungu wawili, mke na mume. Mke aliitwa Siwema. Mume aliitwa Mbaruku. Walikaa katika shimo chini ya kilima, shimo walilolichimba wenyewe walipokuwa vijana. Shimo zuri. Mvua haingii, upepo hauingii. Watoto wao walikwisha kukua, wakaondoka, kila mmoja akachimba lake.

Siwema hakuwa kijana tena, na mzee bado hakuwa. Alikuwa mtu wa makamo. Na hapo katikati ndipo mambo yalipoanzia.

Asubuhi moja aliamka akajitikisa, kama kawaida yake. Chwa, chwa, chwa. Miiba ikaanguka. Kesho yake akajitikisa tena. Chwa, chwa, chwa. Ikaanguka mingine. Iliyoota badala yake ilikuwa myembamba, tena imepauka.

Kisha likaja joto. Siwema yuko zake kivulini, wenzake wanaona baridi, yeye ghafla moto unampanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Jasho tiriri. Likimwacha, anatetemeka. Akiinama, goti linalia ko. Akiinuka, goti linalia ko. Usingizi ukaruka. Na hasira, jamani, hasira zilimshika hata kwa nzi.

Siwema akakaa akawaza.

"Mimi sikuwa hivi. Kuna mtu ananifanya hivi. Nani huyu?"

Sasa sikilizeni. Siwema alikuwa na mazoea ya kufukia mihogo hapa na pale, akiba ya siku za njaa. Siku moja akaenda penye kichuguu kufukua muhogo wake. Akachimba, hakuna. Akachimba kando, hakuna.

"Nimeibiwa," akasema.

Hakusema, "Nimesahau." Maana tangu azaliwe hakuwahi kusahau mahali alipofukia kitu.

"Nani huyu?"

Jirani wa karibu alikuwa Bi Pimbi. Alikaa juu, kwenye mawe ya kilima kile kile, pamoja na binti zake na wajukuu. Alimzidi Siwema umri kidogo, lakini walikuwa mashoga tangu usichana. Siwema akapanda mpaka kwake.

"Bi Pimbi, muhogo wangu uko wapi?"

"Muhogo gani, shoga?"

"Wa pale kwenye kichuguu."

Bi Pimbi akamtazama. "Ule si tuliula pamoja siku ile ya manyunyu? Wewe mwenyewe uliufukua."

"Sasa unataka kunifanya mwehu."

"Siwema, keti kwanza. Mbona unatoka jasho hivyo? Kuna jambo nataka kukuuliza."

"Siketi kwa mwizi."

Neno lile lilimwingia Bi Pimbi. Kulipokucha akakusanya binti zake na wajukuu wake, akahamia mawe ya ng'ambo ya bonde. Hakugombana, hakuaga. Na njiani, katikati ya bonde, mahali pasipo na jiwe la kujificha, tai akashuka. Fyuu. Akachukua mjukuu mmoja.

Siwema alikisikia kilio kutoka mlangoni kwake. Akajiambia, "Mwizi anakimbia mwenyewe." Lakini siku ile hakula.

Basi alikuwapo Mbweha. Mbweha hakuwa na shimo, na masika ilikuwa inakaribia. Alikuwa amelala kwenye nyasi, amesikia yote. Akaja mlangoni taratibu.

"Hodi. Bi Siwema, shikamoo."

"Marahaba."

"Mbona umekonda hivyo, bibi?"

"Kuna mtu ananifanya."

Mbweha akalamba pua. "Mimi sipendi maneno ya watu. Lakini, mumeo kila asubuhi anakwenda wapi?"

"Mtoni, kunywa maji."

"Maji ya kunywa ndiyo yamweke mpaka jua liwe kali?"

Siwema akatazama njia ya mtoni.

"Na chakula anakuletea nani?"

"Yeye."

"Mh," akasema Mbweha. Akaenda zake.

Ile "mh" ikamkaa Siwema kifuani.

Mbweha akazunguka kwa njia nyingine, akamkuta Mbaruku anarudi.

"Bwana Mbaruku, naona haya kukuambia. Mkeo anazungumza peke yake. Anataja jina lako. Anasema amekuchoka. Ningekuwa mimi, nisingelala karibu naye."

Mbaruku naye alikuwa mtu wa makamo. Alikuwa na yake moyoni, hajamwambia mtu. Maneno yale yakamwogopesha.

Toka siku hiyo nyumba ikabadilika. Siwema akiletewa chakula, anakinusa kwanza. Mbaruku anamtazama anavyonusa. Siwema akalala upande huu wa shimo. Mbaruku akalala upande ule. Katikati pakabaki patupu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umelala?"

"Nimelala."

Hakuna aliyekula. Hakuna aliyelala.

Mbweha akarudi. "Bibi, mfuate ujionee mwenyewe. Ukimkuta na huyo mke mwingine, hutataka tena kuliona shimo hili. Wewe nenda. Mimi nitakulindia mlango."

Asubuhi Mbaruku akatoka. Siwema akamfuata kwa nyuma, kichaka hadi kichaka. Alitembea kwa kunyata, lakini goti lake, ko, ko, ko. Mumewe akageuka, akatazama pale pale aliposimama, akaendelea na njia kama hakuona mtu.

Mbele ya njia palikuwa na kisiki. Mbaruku akakivaa, po.

"Samahani, ndugu," akakiambia kisiki, akakizunguka.

Siwema akasimama. Anamwomba radhi kisiki? Au ni ishara, kuna mtu amejificha hapo? Akakikagua kile kisiki mbele na nyuma. Ni kisiki tu. Akazidi kushuku, akazidi kufuata.

Walipofika mtoni, Mbaruku akainua jiwe kwenye maji ya ukingoni. Chini yake palikuwa na muhogo uliolowekwa mpaka ukawa laini. Akaketi. Akautafuna kwa upande mmoja wa mdomo, polepole, huku anafumba macho kwa maumivu. Hapakuwa na mke mwingine. Hapakuwa na mtu yeyote.

Siwema akatoka kichakani. Mbaruku akasikia majani, akasimamisha miiba yake.

"Nani hapo?"

"Ni mimi."

"Umekuja kuniua?"

"Nimekuja kukufumania."

Maji yakapita.

"Na nani?" akauliza Mbaruku.

"Sijui. Na huyo anayekuweka huku kila siku."

Mbaruku akamwonyesha ule muhogo. "Basi ni huyu. Meno yangu yamelegea, mke wangu. Muhogo mkavu siuwezi. Na macho, naona ukungu, hata kisiki nadhani ni mtu. Niliona haya. Nilidhani utasema umebaki na kizee."

Siwema akaketi chini. Goti likalia ko.

"Mimi nilidhani unanitilia kitu kwenye chakula."

"Mimi? Kwa nini?"

"Naungua, Mbaruku. Nimekaa tu, naungua. Miiba inapukutika. Nafukia kitu, nasahau. Nikasema sikuwa hivi, lazima kuna mtu."

"Mbweha aliniambia umenichoka."

"Mbweha alikuambia?"

Wakatazamana.

"Yuko wapi sasa?"

"Analinda mlango wetu."

Wakarudi mbio, kadiri ya mbio zao. Siwema mbele akionyesha njia, Mbaruku nyuma akishika harufu yake. Walipofika, Mbweha yuko ndani na mkewe na watoto. Macho yanawaka gizani.

"Shimo hili lina wenyewe," akasema Mbweha.

"Wenyewe ni sisi," akasema Mbaruku.

"Wenyewe walikuwa vijana. Nyie mmoja haoni, mmoja amebaki na miiba ya kuhesabu. Nendeni zenu kabla sijatoka."

Siwema akamnong'oneza mumewe, "Tuingie kinyumenyume."

"Kinyumenyume ni kwangu," akasema Mbaruku. "Huko hakutakiwi macho."

Wakageuka, bega kwa bega, migongo imeelekea ndani. Chwa, chwa, chwa, hatua moja. Chwa, chwa, chwa, hatua nyingine. Mlango ukajaa miiba. Mbweha akataka kuuma, akaumia mdomo. Akajaribu tena, akaumia pua. Mwisho akawachukua mkewe na wanawe, wakatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kutafuta mahali pengine pa kukaa masika.

Nyumba ikarudi. Lakini Siwema hakutulia. Akavuka bonde mpaka kwa Bi Pimbi, akasimama chini ya mawe.

"Nimekuja kukuomba radhi."

Bi Pimbi akachungulia.

"Siku ile nilitaka kukuuliza jambo," akasema. "Nilitaka kukuuliza kama joto lako linaanzia kifuani. Langu lilianzia kifuani."

"Na wewe lilikupata?"

"Lilinipata. Nikasahau, nikakosa usingizi, nikagombana na wanangu. Baadaye likapungua. Hakuna aliyeniroga, na wewe hakuna aliyekuroga. Ni umri unavuka."

"Na mjukuu?"

"Mjukuu harudi, Siwema."

Siwema akaweka mguu kwenye jiwe la kwanza, apande.

"Leo sikukaribishi," akasema Bi Pimbi, akaingia ndani.

Siwema akaenda tena siku nyingine. Akakaa nje. Akaenda tena. Akakaa nje. Hakudai kufunguliwa. Ikafika siku moja, akiwa pale pale chini ya mawe, moto ukampanda, jasho tiriri. Bi Pimbi akashuka. Akachuma jani pana, akaketi kando yake, akaanza kumpepea. Akampepea mpaka joto likapita.

Funzo lake ni hili, wakubwa kwa wadogo. Umri wa makamo hubadilisha mwili, na kichwa nacho hubadilika. Likikupata jambo usilolijua, mwambie unayeishi naye, na waulize waliotangulia, kabla hujamtafuta wa kumlaumu. Maana ukweli ukiujua baadaye utakutuliza wewe, lakini hautamrudishia mwenzako alichopoteza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliye na mwenza nyumbani, akamsimulie.